Raba za habu ya nyuma za Boxer, TVS na CG: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Ukiomba raba za habu ya nyuma kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, au ukishuka Kirinyaga Road kule Nairobi, muuzaji atakuuliza swali moja tu: unataka orijino au za kawaida? Swali hilo halitoshi. Kuna seti za kampuni kwenye pakiti iliyofungwa, kuna za viwanda vingine zinazouzwa kama "za kawaida", kuna ngumu zenye rangi nyekundu au njano, na nje ya duka yupo fundi mwenye kisu na kipande cha tairi kuukuu. Hapa zote zinapimwa kwa kazi ya bodaboda: abiria kutwa, gunia la mkaa mara mojamoja, matuta, vumbi, na cheni inayopakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini.

Kwanza kazi yenyewe, maana bila kuielewa utanunua rangi ya pakiti. Injini ya silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo nguvu hufika kwenye cheni kwa vipigo. Ongeza mshtuko wa kuachia klachi, wa kubadili gia, na wa kufunga mafuta ghafla kwenye mteremko. Kwenye Boxer, TVS HLX na pikipiki nyingi za ukoo huo, spoketi kubwa haifungwi moja kwa moja kwenye habu. Imefungwa kwenye ngoma ya alumini yenye vidole vinavyoingia ndani ya habu, na kati ya kila kidole na ubavu wa habu kuna raba. Chuma kikisukuma, raba inabonyea kidogo kisha inaisukuma habu. Raba zikiisha, pengo linaanza: kidole kinatembea bure, kinapata kasi, ndipo kinagonga. Kipigo hicho ndicho kinachokula kila kitu kilicho mbele na nyuma yake.

Mpangilio wa uharibifu haubadiliki sana. Cheni ndiyo ya kwanza kulegea bila mpango, leo unaikaza, baada ya siku chache inachapa tena. Kisha meno ya spoketi yanainama. Beringi ya ngoma inaanza kuvuma. Spoku zinalegea upande mmoja, na mwishowe mbavu za habu zinapasuka, na hapo hununui tena raba, unanunua habu nzima pamoja na kazi ya kufuma rimu upya. Huku mbele, spoketi ndogo inakula mistari ya shafti ya giaboksi. Ndiyo maana kufunga cheni na spoketi mpya bila kufungua habu ni kutupa pesa. Seti ya raba ni sehemu ndogo ya bei ya seti ya cheni, na ndiyo inayoamua hiyo cheni itakaa muda gani.

Kupima kabla ya kununua hakuhitaji kufungua kitu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa, gia iwe nyutro. Kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu ili tairi lisizunguke (mwombe mtu akukanyagie ikibidi), kisha shika cheni ya juu na ya chini, vuta huku na huku. Kwa kuwa breki imeshika habu, mwendo wowote unaouona kwenye spoketi unatoka kwenye raba, si kwenye giaboksi. Spoketi iliyo na raba nzima inasogea kidogo kwa ukinzani na inarudi yenyewe. Iliyochoka inasogea bure, halafu unasikia "ko!" inapofika mwisho.

Ukitaka namba, tumia tairi lenyewe. Ingiza gia ya kwanza, sukuma tairi mbele hadi cheni ikaze, chora chaki kwenye tairi na alama mkabala nayo kwenye mkono wa nyuma wa fremu. Mwenzako ashike spoketi kubwa isitembee kabisa, wewe zungusha tairi kwa mkono mbele na nyuma. Kwenye tairi la 3.00-17, milimita 5 juu ya kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara) ni karibu digrii moja. Milimita 20 ni kama digrii 4, na kwenye spoketi ya meno 42 hiyo ni karibu nusu ya jino. Mwendo wa bure wa kiasi hicho unatosha kuhukumu: raba zibadilishwe. Milimita 5 za mwendo laini, wenye ukinzani tangu mwanzo, si ugonjwa.

Usichanganye mwendo wa kuzunguka na wa kuyumba. Shika spoketi juu na chini, isukume ndani na nje kama unataka kuipinda. Ikiyumba hivyo, tatizo ni beringi ya ngoma au boshi yake, na raba mpya hazitaliondoa. Wanaolalamika kwamba seti mpya "haikusaidia" wengi wamekosa kipimo hiki.

Sasa bidhaa zenyewe.

Seti ya kampuni, yaani ile inayotoka kwa wakala wa Bajaj au TVS, ndiyo inayoshinda kwa kazi ya kila siku, na sababu haiko kwenye nembo. Ni ukubwa. Vipande vyote vya seti moja vinalingana, kona zake zina mviringo uleule wa habu, na vinaingia kwa kusukumwa na kiganja, vikikaza kidogo. Ugumu wake unafanana kutoka kipande hadi kipande, jambo ambalo hulioni kwa macho ila lina maana kubwa: kipande kimoja kikiwa kigumu kuliko wenzake, ndicho kinachobeba mzigo wote na ubavu wake ndio unaopasuka kwanza. Kasoro ya kundi hili ni kwamba pakiti zake zinaigwa. Angalia maandishi yaliyobonyezwa kwenye raba yenyewe, si karatasi peke yake. Namba ya spea kwenye pakiti ilingane na ile iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yako, kwa sababu BM100 na BM150 ni pikipiki mbili, hata kama muuzaji anasema "Boxer ni Boxer".

Seti za kawaida ni bahati nasibu, lakini si zote mbaya. Nyingine zinatoka kwenye viwanda vyenye adabu na zinakaa vizuri. Shida ni kwamba jina lililo kwenye pakiti halikuhakikishii lolote, maana pakiti ileile inaweza kuja na mpira tofauti shehena ijayo. Kwa hiyo usinunue jina, nunua kile ulichokipima pale pale kaunta. Vipimo vinne, na vyote havizidi dakika tatu.

Beba moja ya zamani. Iweke ubavuni mwa mpya, linganisha urefu, upana na kina. Mpya iwe nene kuliko ya zamani kidogo, hilo ni la kawaida kwa sababu ya zamani imelika. Ikiwa nene kwa milimita 3 au zaidi, shaka, labda ni ya pikipiki nyingine. Pili, bonyeza kwa ukucha. Mpira mzuri unapokea alama na kuirudisha mara moja. Alama ikibaki, ni laini mno na itasagika. Ukucha usipoingia kabisa, ni mgumu mno na utapitisha kipigo. Ugumu wa kashata ya tairi ni kipimo cha kulinganishia kinachopatikana kila mahali: raba za habu zisizidi kuwa ngumu kuliko hapo. Tatu, ikunje kwa nguvu na uangalie upande wa nje wa mkunjo. Nyufa ndogo au weupe unaojitokeza ni dalili ya mpira uliojazwa vumbi la chokaa au uliokaa rafuni miaka. Nne, inuse na uifute kwa kitambaa cheupe. Masizi mengi yakitoka pamoja na harufu kali ya tairi la kuchomwa, hiyo ni mabaki ya mpira wa kusaga yaliyobandikwa upya. Acha.

Swali jingine la kumuuliza muuzaji, ingawa mara nyingi hatajua: je, mpira huu unavumilia oili? Mpira wa asili una unyumbufu mzuri sana ila ukilowa oili unavimba na kulainika. Mpira wa nitraili unavumilia. Kwa waendesha bodaboda wanaopaka cheni oili chafu kila asubuhi, jambo hili lina uzito kuliko bei. Oili hurushwa na spoketi, huteleza ndani ya ngoma, na baada ya muda raba zinatoka kama nyama iliyolala kwenye maji. Ukifungua habu na kukuta raba zimevimba kuliko nafasi yake, usilaumu duka pekee. Punguza oili, paka upande wa ndani wa cheni tu, subiri dakika chache, kisha futa ya ziada.

Kuhusu zile ngumu za rangi, hukumu ni fupi. Zinakaa muda mrefu zenyewe, na ndiyo sifa inayouzwa nayo. Lakini kazi ya raba ya habu ni kulainisha kipigo, na kitu kigumu hakilainishi. Ukifunga, utahisi pikipiki "imekaza" unapofungua mafuta, na wengi wanapenda hisia hiyo. Kinachofuata ni cheni kuchakaa haraka na mtetemo unaofika kwenye kanyagio. Kwa pikipiki ya mashindano kwenye barabara laini, labda. Kwa mshikaki wa abiria wawili kwenye barabara ya vumbi, hapana.

Na vipande vya tairi? Fundi mzuri wa kijiweni anaweza kukata raba nne kutoka kwenye ubavu wa tairi zikakufikisha nyumbani kutoka Morogoro. Zisikufikishe mbali zaidi. Nyuzi zilizomo ndani ya tairi hazinyumbuliki kama mpira, vipande havilingani, na kila kisichojaza nafasi kinaanza kusagwa siku hiyo hiyo. Njia ya kuzungushia raba ya zamani utepe wa tyubu ni bora kidogo, mradi utepe uwe upande unaosukumwa wakati wa kuongeza mwendo, uwe wa unene uleule kwenye kila nafasi, na usizidi tabaka moja. Ukiweka tabaka mbili ngoma haitakaa mpaka chini, na hapo ndipo matatizo mapya yanapozaliwa.

Kufunga

Andaa spana ya ekseli, ambayo kwa pikipiki hizi mara nyingi iko kati ya namba 17 na 24, pamoja na koleo, tindo ya mbao au mpini wa nyundo, brashi, sabuni, pini mpya ya kufungia nati, na grisi ya beringi. Kabla ya kulegeza chochote, andika au piga picha alama za vikazio vya cheni kushoto na kulia. Fungua nati ya fimbo ya breki na bolti ya mkono unaozuia sahani ya breki, legeza vikazio, kisha toa ekseli. Kwenye pikipiki nyingi za Kihindi ngoma ya spoketi ina nati yake kubwa inayoishikilia kwenye mkono wa fremu, kwa hiyo tairi linatoka upande na spoketi inabaki na cheni yake mahali pake. Hilo ni la kushukuru. Usiilegeze nati hiyo kama unataka kubadilisha raba tu, ila ukitaka kukagua beringi ya ngoma hutakwepa kuifungua.

Tairi likivutwa kutoka kwenye ngoma, sikiliza mikono yako. Raba nzima hung'ang'ania, unahitaji kutikisa na kuvuta. Tairi likiachana na ngoma kwa ulaini kama limepakwa sabuni, umeshapata jibu kabla hata ya kuziona. Ndani utakuta unga mweusi. Ukiwa mwingi na una changarawe, tatizo si umri peke yake: pete ya mpira inayozuia vumbi kati ya ngoma na habu imekatika au haipo, na mashine ya kuoshea yenye presha imesukuma mchanga ndani. Nunua pete hiyo pamoja na raba. Seti nyingi za kawaida haziji nayo.

Osha habu kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Petroli haifai hapa, inashambulia mpira. Sasa pitisha kidole kwenye kila ubavu wa habu na kila kidole cha ngoma. Unatafuta ufa kwenye shina, na kingo zilizochongwa ngazi. Ngazi yenye makali ichongwe kwa tupa laini, vinginevyo itakata raba mpya. Ufa hauchongwi wala hauchomelewi kijiweni. Zungusha beringi ya ngoma kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe leo, ukiwa umeshafungua. Angalia pia kibomba cha kutenganisha kilicho kati ya beringi. Fundi wa haraka hukisahau chini, ekseli ikikazwa beringi zinabanwa na zinakufa ndani ya wiki.

Raba nyingi zimeunganishwa wawili wawili, na vichwa vyake si lazima viwe sawa. Kile kinene kinakaa upande unaobanwa injini inapovuta, chembamba upande wa kufunga mafuta. Weka tairi lilivyo kwenye pikipiki, fikiria kidole cha ngoma kikisukuma kuelekea mbele, na raba iliyo mbele ya kidole ndiyo ya kubeba kazi. Ukigeuza seti, itafanya kazi vizuri siku za kwanza kisha italika mapema bila sababu inayoonekana, na duka litalaumiwa.

Lowesha kwa maji ya sabuni au poda ya mtoto. Grisi ya kawaida na oili hapana. Ingiza kila kipande kwa kiganja. Kisha rudisha tairi kwenye ngoma, likae kwa kubonyeza na kutikisa. Ukijikuta unatafuta nyundo ya chuma, simama: seti ni kubwa au imekaa mshazari. Nafasi kati ya ngoma na habu iwe sawa kuzunguka pande zote. Ikibaki milimita 2 upande mmoja, spoketi imeinama, cheni haitatembea kwenye mstari, na kukaza ekseli kwa nguvu hakutaiponya. Hii ndiyo kasoro ya kwanza ya seti za kawaida zilizo kubwa, na dawa yake ni kurudisha dukani. Kuzichonga kwa kisu ni kurudi kwenye habari ya vipande visivyolingana.

Funga kwa mpangilio huu: nati kubwa ya ngoma kwanza kama uliifungua, kisha cheni, kisha ekseli, breki mwisho. Ulegevu wa cheni katikati ya upande wa chini uwe milimita 20 hadi 30 kwa nyingi za pikipiki hizi. Nati ya ekseli ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na pini iwe mpya. Klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa utangulie mwendo. Mkono wa kuzuia sahani ya breki usiusahau: ukiuacha wazi, sahani inazunguka na kukunja fimbo ya breki mara ya kwanza unapokanyaga.

Pikipiki za ukoo wa Honda CG125 na nakala zake za Kichina ni habari nyingine. Pale hakuna vipande vya kuchomoa kwa mkono, kuna boshi za mviringo zenye chuma na mpira zilizoshindiliwa kwenye habu, bolti za spoketi zinaingia humo, na klipu kubwa ya duara inazuia spoketi isitoke. Utahitaji koleo la klipu na kivutio cha boshi. Kuzing'oa kwa moto wa gesi ni njia ya vijiweni inayopaswa kukatazwa, inaua grisi ya beringi na kudhoofisha alumini. Maji yanayochemka juu ya habu, na kivutio, vinatosha. Zikikataa, kata chuma cha nje kwa msumeno mwembamba kwa uangalifu usiguse habu. Boshi mpya zivutwe ndani kwa bolti na washa mbili nene (pete bapa za chuma) zenye kipenyo cha chuma cha nje, si kugongwa kwenye kitovu cha katikati, maana hapo unatenganisha mpira na chuma kabla hazijafanya kazi. Kwa boshi hizi, tofauti kati ya za kampuni na za kawaida ni kubwa kuliko kwa Boxer: kwenye za bei nafuu mpira huachana na chuma chake. Hapa usibane pesa.

Jambo moja linalofupisha maisha ya seti yoyote na halitajwi dukani: joto. Breki ya nyuma ya ngoma iko kwenye habu ileile. Breki iliyokazwa kupita kiasi, inayogusa muda wote, hupasha habu hadi raba zinakauka na kuwa ngumu huku zikionekana nzima. Ukiona raba isiyolika lakini inayolia kama plastiki ukiigonga mezani, kagua mchezo wa kanyagio la breki kabla ya kufunga mpya.

Baada ya kilomita 100 hivi pima cheni tena, kwa sababu raba mpya hukaa vizuri kwenye nafasi zake na ulegevu hubadilika kidogo. Baada ya hapo fungua na kuzitazama kila tairi la nyuma linapotoka kwa pancha au kwa viatu vya breki. Kazi ya ziada ni kuvuta ngoma na kupangusa.